Bingwa Yuko Lubumbashi, Mgonjwa Yuko Dilala

Barua ya kumtuma mgonjwa kwa bingwa huandikwa kwa dakika tano. Kazi inaanza baada ya hapo. Mama wa mtaa wa Kasulo aliyeambiwa kwamba moyo wake unapaswa kuangaliwa na daktari wa moyo anakaa chini na kuhesabu: basi la kwenda Lubumbashi kupitia Fungurume na Likasi, kilomita zipatazo 300, malori ya madini mbele na nyuma, mtu wa kumsindikiza, kwa sababu mgonjwa wa kwetu haendi hospitali peke yake, ndugu wa kumpokea huko, chakula cha siku ambazo hakuna anayejua zitakuwa ngapi, na watoto watakaobaki Dilala, nani atawapikia bukari. Mara nyingi hesabu ikifika mwisho, barua inakunjwa na kuwekwa ndani ya Biblia, na mama anaendelea na vidonge vyake vya tansio.

Ni kwa sababu ya barua hizo zilizokunjwa kwamba swali la kuonana na bingwa kwa njia ya simu au skrini ni zito katika mji huu. Dilala ni moja ya komuni mbili za Kolwezi, pamoja na Manika, na tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, nchini Kongo. Shaba na kobalti vinatoka hapa kwenda dunia nzima. Wachimbaji, wafanyabiashara na wahandisi wamekuja kwa maelfu. Waganga bingwa hawakuja kwa mwendo huo. Magonjwa ya moyo, figo, ngozi, akili na saratani bado yanawasukuma watu kwenda Lubumbashi, kwenye hospitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu, na wenye uwezo wanafika Afrika Kusini au India.

Kila mara matibabu ya mbali yanapotajwa, watu wa mipango huuliza: je, mgonjwa atakubali? Huuliza kana kwamba kikwazo kimo kichwani mwa mgonjwa, kwamba anaogopa mashine, hajasoma, amezoea kushikwa mkono. Mimi naona swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Nikiangalia yaliyotokea kwa majirani zetu na jinsi watu wa Kolwezi wanavyoishi, naamini kwamba mgonjwa hupokea bingwa wa mbali pale anapokuwapo mtu wa karibu anayemwamini, anayebeba dhamana ya maneno yanayotoka kwenye skrini. Mtu huyo asipokuwapo, hata mashine nzuri itabaki na vumbi.

Sauti ya mbali si kitu kigeni kwetu. Wazee wanakumbuka foni, zile redio za mawasiliano zilizounganisha misheni na vituo vya biashara wakati barabara za Katanga hazipitiki. Ujumbe wa msiba ulipita humo, na ushauri wa munganga pia. Huko Kenya, shirika la Amref, lililoanzishwa 1957 kwa jina la madaktari wanaoruka kwa ndege, lilikuwa likitumia redio kuzungumza na hospitali za porini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo hapa Dilala mtu humpigia mchungaji wake saa nane ya usiku amwombee mtoto mwenye homa, naye anaamini kwamba maombi yamefika. Mama anatuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money kwa mtu asiyemwona. Kwa hiyo umbali wenyewe haumfukuzi mtu. Anachotaka kujua ni nani yuko upande wa pili na nani atajibu kama mambo yakiharibika.

Kabla ya kuendelea inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni munganga kumuuliza munganga mwenzake: picha ya eksirei au karatasi ya mapigo ya moyo inatumwa, bingwa anaisoma, jibu linarudi. Hili linafanyika kila siku kwa WhatsApp, bila mradi wala jina. Mgonjwa mara nyingi hata hajui kwamba picha ya kifua chake imesafiri, na swali la kukubali halijawahi kuulizwa, jambo ambalo ni kosa. La pili ni mgonjwa kukaa ndani ya kituo cha afya, muuguzi pembeni, bingwa kwenye skrini. La tatu ni mgonjwa kuwa peke yake na simu yake nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unatofautisha mashauriano kati ya watoa huduma na yale ya mgonjwa na mtoa huduma, na unasema wazi kwamba njia hizi ziongeze huduma iliyopo, zisiichukulie nafasi. Kwa ubingwa, hapa kwetu, ni ile ya pili inayostahili kujengwa. Ndiyo nitakayoikazia.

Tuitazame kwa karibu. Muuguzi amempima mama tansio, amempandisha kwenye mizani, amembandika vibandiko kifuani na karatasi ya mapigo ya moyo imetoka. Anailaza mezani karibu na dirisha, anaipiga picha bila kivuli cha mkono wake, anaituma. Daktari wa moyo anatokea kwenye skrini na kuuliza kwa Kifaransa: mgonjwa akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, anakosa pumzi? Nyumbani kwa mama yule hakuna ghorofa. Muuguzi hatafsiri neno kwa neno. Anageuka na kusema: “Mama, ukibeba bidoni la maji la lita 20 kutoka bombani, unapumzika mara ngapi njiani?” Mama anafikiri, anasema mara tatu, na mwaka jana alikuwa hapumziki. Bingwa amepata jibu alilolitaka, tena lenye kipimo. Katika dakika hiyo moja ndimo kukubalika kote kulimo. Mama ameona kwamba maisha yake yanajulikana ndani ya chumba kile.

Mfano bora ninaoujua wa jambo hili uko jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ilianza 2006 mpango wa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, wakati madaktari wa wanawake wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno. Wauguzi walifundishwa kupaka siki, kutazama na kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida. Picha ngumu zilipelekwa kwa daktari ambaye hakuwa ndani ya chumba. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba mwanamke mwenyewe alionyeshwa picha ile kwenye skrini na kuelezwa anachokiona. Wanawake wa mtaa, waliofundishwa kuwa waelimishaji, walitangulia kwenye makanisa na masoko kujibu uvumi kwa lugha ya mtaa. Kufikia 2013 wanawake zaidi ya 100,000 walikuwa wamepimwa. Uchunguzi gani ni wa siri kuliko huu? Kama wanawake wa Lusaka walikubali picha ya mahali hapo isafiri, basi hoja kwamba mwanamke wa Afrika hatakubali bingwa wa mbali imekosa miguu. Walikubali kwa sababu muuguzi alikuwapo, picha haikufichwa kwao, na matibabu ya vidonda vidogo mara nyingi yalitolewa siku ileile.

Rwanda inafundisha jambo lingine. Kampuni ya Babyl ilianza huko 2016, ikitumia hata simu ndogo za vitufe, kwa Kinyarwanda, na baadaye ikaunganishwa na bima ya afya ya jamii, ile mituweli. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Halafu 2023 kampuni mama iliyoanzia Uingereza ikaanguka kifedha, na huduma ikafungwa. Wagonjwa hawakuwa wameikataa. Walikuwa wameshazoea namba ile, na siku moja haikujibu. Kuvunjika kwa uaminifu namna hiyo hakuonekani kwenye takwimu, lakini atakayekuja kesho na namba mpya atakutana nako.

Kolwezi inajua maumivu hayo kuliko miji mingi. Wakati wa kampuni za madini za Union Minière na baadaye Gécamines, mfanyakazi wa kambi alipata hospitali, munganga, uzazi wa mke wake na chanjo za watoto kama sehemu ya kazi yake. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukafa, na 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Familia nzima zilipoteza mshahara na hospitali kwa pamoja. Mzee aliyepitia hayo akiambiwa leo kwamba kuna huduma mpya, ya bure, yenye skrini, atauliza itadumu miezi mingapi. Swali lake ni la mtu mwenye kumbukumbu. Anayetaka kumhudumia lazima awe na jibu la kweli, hata kama ni jibu dogo: miaka miwili, inalipwa na fulani, ikikwisha faili lako litabaki hapa.

Lugha nayo ina uzito wake. Bingwa anafikiri kwa Kifaransa. Mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili cha Katanga, au Kiluba, Kisanga, Kilunda, Kichokwe. Mtoto mchanga ana lukunga, wanasema wazazi, na bingwa ambaye hajawahi kulisikia neno hilo ataliruka, ingawa kwao ndilo ugonjwa wenyewe. Tena mgonjwa hafiki akiwa mmoja. Dada yake mkubwa amekuja, mume amekuja, na uamuzi utatolewa na watu ambao kamera haiwaoni. Nimesikia ikisemwa kwamba familia huharibu mashauriano. Naona kinyume chake. Kiti cha yaya, yaani dada huyo mkubwa aliyekuja na mgonjwa, kinapaswa kuwa mbele ya kamera, kwa idhini ya mgonjwa, kwa sababu yeye ndiye atakayekumbuka dawa inanywewa lini na ndiye atakayewashawishi wazee kuuza baiskeli kama upasuaji ukihitajika. Hata saa inahitaji kukumbukwa: Kolwezi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Bingwa wa Kinshasa akisema saa nne bila kueleza saa nne ya wapi, mgonjwa wa Dilala atakaa kwenye benchi saa nzima akitazama skrini nyeusi, na atarudi nyumbani akiwa na la kusimulia.

Sasa niseme juu ya siri, maana hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba maskini hajali. Dilala ni komuni ya mji wa migodi. Mfanyakazi anayekohoa ana hofu moja kubwa: kampuni ikijua, mkataba hautarudiwa. Akiona kwamba mtambo umelipiwa na kampuni, na picha ya mapafu yake inapita kwenye waya wa kampuni, atasema kifua ni kizima. Mchimbaji mdogo wa Kasulo ana hofu nyingine. Huo ni mtaa ambao kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu wakachimba hadi chini ya vyumba vya kulala. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walipima mkojo na damu za wakazi, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kobalti nyingi mwilini, hasa kwa watoto. Mtu wa mtaa huo ana haki ya kuuliza, kila anapoombwa kipimo au picha, majibu yanakwenda wapi na nani atayatumia. Nchi ina sheria sasa: kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inagusa ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini sheria haisomwi na mgonjwa kwenye benchi. Anachokiona ni kama mlango umefungwa, kama bingwa amezungusha kamera kuonyesha kwamba hakuna mwingine chumbani mwake, na kama simu iliyopiga picha ni ya kituo au ni ya muuguzi, ile yenye picha za harusi za wikendi iliyopita.

Kwa wanawake, simu ya nyumbani ni hatari zaidi. Katika nyumba nyingi simu yenye WhatsApp ni moja na inashikwa na mume. Jibu la kipimo cha virusi, au ushauri wa daktari wa akili, likitumwa huko limeshafika mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana nasema tuanze na chumba ndani ya kituo. Ugonjwa wa akili hasa ungenufaika sana, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuongea na kufuatilia dawa kwa muda mrefu, na kwa kuwa familia huona haya kupanda basi na mgonjwa wao mbele ya majirani.

Lazima pia tukubali kwamba mgonjwa anapokataa, wakati mwingine yuko sahihi. Uvimbe kwenye titi unataka vidole. Tumbo gumu kama ubao linataka mkono wa daktari wa upasuaji, leo. Kijana aliyefukiwa na udongo shimoni anahitaji damu na chumba cha upasuaji. Kumweka mbele ya kamera ni kumwibia muda. Na hata pale bingwa wa mbali anapotoa jibu zuri, kama dawa aliyoiandika haipatikani katika duka lolote la Kolwezi, mgonjwa atahukumu mashauriano yote kwa dawa ile. Watu huita hilo kukataa teknolojia. Mgonjwa amepima huduma kwa kipimo kilicho sawa kabisa: je, nilipona?

Umeme na mtandao nitavipitia haraka, kwa kuwa kila mtu anavijua. Njia kuu ya umeme kutoka Inga, yenye kilomita zipatazo 1,700, iliyokamilika 1982, inaishia hapahapa Kolwezi. Lakini inalisha migodi kwanza, na mitaa inazoea giza. Mtandao wa simu upo, ila mega ni ghali kwa mtu anayekula kwa siku. Mwezi Mei 2025 serikali iliruhusu Starlink baada ya kuikataza mwaka mmoja kabla, kwa hiyo njia ya setilaiti imefunguka. Betri, paneli ya jua na utaratibu wa kutuma picha kwanza kisha kuongea baadaye vinaweza kuokoa vikao vingi. Mgonjwa husamehe sauti iliyokatika. Hasamehi kuambiwa arudi kesho mara tatu.

Tena Dilala isijione kama mgonjwa tu katika jambo hili. Lualaba ni jimbo refu: Dilolo iko kwenye mpaka wa Angola, Sandoa na Kapanga ziko mamia ya kilomita kaskazini magharibi, kwenye barabara ambazo mvua huzifunga. Kwa muuguzi wa Kapanga, munganga wa kawaida wa hospitali ya Mwangeji hapa Kolwezi tayari ni bingwa. Mji huu unaweza kupokea swali kutoka Sandoa asubuhi na kuuliza la kwake Lubumbashi mchana. Mahali pa katikati kama hapa ndipo uzoefu hujengeka, kwa kuwa muuguzi anayejua uchungu wa kusubiri jibu ataharakisha kujibu.

Watakaopima mafanikio nawaonya juu ya karatasi za kuridhika. Muulize mama, mbele ya muuguzi aliyemhudumia bure, kama ameridhika. Atasema ndiyo, asante sana, kwa sababu amelelewa vizuri. Na wale waliokunja barua zao hawapo chumbani kuulizwa. Tazameni mambo mengine: amerudi mara ya pili bila kufuatwa? Amenunua dawa? Amemleta jirani? Waliokataa walikwenda wapi, na nani aliwauliza kwa nini?

Fedha hazikosekani. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni kutoa 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingelipa chumba, betri na laini ya mtandao katika vituo vya afya vya Dilala, chini ya zoni ya afya na mbali na ofisi za kampuni. Lakini ningeomba jambo moja litangulizwe kabla ya kununua skrini yoyote: muuguzi wa kikao alipwe kwa kazi hiyo, afundishwe, na asihamishwe kila miezi sita. Huko Kenya, mpango wa Daktari Smart unaowafikia watoto wa Samburu, Baringo, Homa Bay na Lamu kwa vifaa vinavyotuma sauti ya moyo na mapafu hadi kwa mabingwa wa Nairobi unawekwa ndani ya vituo, mikononi mwa wahudumu wa hapo. Vifaa vinaweza kununuliwa kwa mwezi mmoja. Mtu wa kuviendesha, anayejulikana mtaani kwa jina, huchukua miaka.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Dilala, siku utakapoitwa kumwona bingwa kwenye skrini, uliza bila haya: wewe ni munganga wa nini, uko mji gani, nani mwingine anasikia, picha yangu itakaa wapi, dawa hii nitaipata Kolwezi, na nikizidiwa usiku nimpigie nani? Wakikujibu yote, kaa, ongea naye. Wasipokujibu, una haki ya kusimama na kudai barua yako ya Lubumbashi, na kituo bado kina wajibu wa kukutibu kesho yake.